Nuhu, mvinje na dola milioni 125

Toka nilipoigusia Noah ya Darren Aronofsky, ile filamu ya 2014 ambayo Russell Crowe anacheza Nuhu, maswali hayakatiki. Najibu manne.

Kwa nini waongeze mambo yasiyomo kwenye Biblia?

Soma Mwanzo kuanzia sura ya 6 mpaka maji yakauke: Nuhu hasemi neno. Anaagizwa, anafanya. Sauti yake tunaisikia mara ya kwanza 9:25, pombe imemtoka, anamlaani Kanaani. Sasa Crowe umlipe akae bubu saa mbili na zaidi, kwenye filamu ya takriban dola milioni 125? Lazima ujaze. Kujaza sina ugomvi nako. Ila 7:13 inasema wana wote watatu waliingia na wake zao, filamu ikawanyima wawili ili ugomvi upatikane. Huko si kujaza tena, ni kufuta.

Yale majitu ya mawe?

Wanefili, majitu ya kale, wako Mwanzo 6:4, mstari mmoja tu. Malaika walioasi, ambao filamu inawafanya majitu hayo, wanasimuliwa kirefu katika Kitabu cha Henoko, andiko la kale la Kiyahudi. Mawe ni ya Aronofsky mwenyewe.

Mbona safina imekaa kama kontena?

Hapo nawapa alama zote. Dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, dhiraa moja ni kiwiko hadi ncha ya kidole, na hakuna palipotajwa tanga wala usukani. Ni sanduku la kuelea. Kiebrania chake, teva, ndicho kilichotumika kwa kikapu cha mtoto Musa, na Biblia yetu imelinda undugu huo: Kutoka 2:3 inakiita kisafina. Sehemu kubwa ya safina ya filamu ilijengwa kwelikweli, huko Oyster Bay, New York. Mbao zake sijui, lakini kwa ile ya Mwanzo watafsiri wetu waliandika mti wa mvinje, na mtu wa pwani akifika hapo anaiona ile miti ya ufukweni inayovuma usiku kucha.

Mimi Muislamu. Ilipigwa marufuku kwa nini?

Qatar, Bahrain, Falme za Kiarabu na Indonesia ziliizuia. Hoja kuu ni kwamba nabii haigizwi. Nami huwaza: kisa chenye kuumiza zaidi kimo Sura Hud ya Kurani. Nuhu yuko chomboni, anamwita mwanawe apande. Kijana anajibu atakimbilia mlimani, utamkinga na maji. Wangali wanasemezana, wimbi linapita kati yao.