Kuhusu hilo jina la Victoria

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma nikiwa kwenye mwendokasi nimebanwa mlangoni, ndo maana sikujibu. Unauliza mkimpa mtoto jina la bibi yako Victoria itakuwa sawa, au ni kama anavyosema shemeji yako kwamba ni jina la malkia wa wakoloni na tena la kizee.

La kizee kweli, hapo sibishi. Ila la malkia? Huyo mwenyewe alizaliwa 1819 akabatizwa Alexandrina Victoria, hilo la pili kalitoa kwa mama yake ambaye alikuwa Mjerumani, na utotoni walimwita Drina. Angebaki na la kwanza sijui leo watu wa Mwanza wangevua sato kwenye Ziwa Alexandrina, na usicheke, Australia hilo ziwa lipo kabisa, walilipa jina kabla hajatawala.

Jina limemtangulia mbali sana. 1519 Wahispania walitoa meli tano chini ya Magellan, nahodha Mreno, kutafuta njia ya kwenda kwenye visiwa vya viungo vya chakula, Magellan akauawa Ufilipino, meli zikaisha moja moja, iliyorudi 1522 imeizunguka dunia yote ni moja tu na ilikuwa inaitwa Victoria, ndani watu 18 wamekonda balaa. Mimi hiyo inanifurahisha kuliko malkia yeyote.

Halafu ubishi wa shemeji yako sio mpya bana. 1850 Mwingereza mmoja, Hind, aliona kijisayari akakiita Victoria, Wamarekani wakagoma kwamba angani hapawekwi jina la mtu aliye hai, jamaa akajitetea kwamba huyo ni mungu wa kike wa Warumi, wa ushindi, wala sio malkia. Mjanja huyo!

Kwenye ziwa nakubaliana nae. Speke kafika 1858 kalikuta lina majina yake, Waganda wanasema Nalubaale, wengine Nyanza, yeye akabandika la malkia wake bila kumuuliza mtu. Livingstone alishafanya hivyohivyo 1855 kule kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Hiyo ni dharau. Lakini nyie mnampa mtoto wenu wenyewe jina la bibi yake, mkoloni anaingiaje hapo?

Na mama yangu hakupewa la malkia. Alizaliwa Bukoba tarehe 23 Desemba, sikukuu ya mtakatifu Victoria, mapadre wakampa la siku hiyo, basi. Ila raha aliipata kwenye MV Victoria, akipanda kwenda Mwanza lazima amwambie jirani yake "hii meli ni yangu", na nauli kalipa kama wengine. Ilivyokarabatiwa ikarudi majini 2020 wakaiongezea na Hapa Kazi Tu, angekuwepo angedai na yeye aongezewe.

Hapa Dar mjiandae tu, mkipita barabara ya Bagamoyo kuna kituo kinaitwa Victoria, konda akiuliza "Victoria wapo?" mtoto ataitika.

Mimi nasema mpeni. Ila baba mkwe wako aambiwe mapema asije akasikia kwa watu, maana na wao wana majina yao, mnaweza kumpa mawili. Na siku ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa simama hapohapo uangalie wanavyoandika, cha ubatizo cha bibi yako mpaka leo kinasomeka Vikitolia.

Baba yako