Shati Jeupe Ndani ya Skrini

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni fupi: "Kompyuta mpakato yenye skrini inayong'aa au isiyong'aa: ungechagua ipi, na kwa nini?" Mimi ningechagua isiyong'aa, ile ambayo hujioni ndani yake kama kwenye kioo, na nimeshaichagua. Hiyo "kwa nini" ndiyo itakayonichukua nafasi, kwa sababu niliipata baada ya miaka miwili ya kukunja uso.

Mimi ni mtafsiri. Kutwa nasoma maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe, na sehemu kubwa ya kazi ni kuwinda vitu vidogo: mkato uliokaa pasipo pake, nukta iliyopotea, herufi iliyorudiwa. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa ya kung'aa. Dukani waliiwasha ikionyesha samaki wa rangi wakiogelea kwenye maji meusi tii, nikaishiwa maneno nikatoa pesa. Nyumbani nikaiweka mezani, dirisha likiwa nyuma yangu. Ikifika saa nane mchana sikuwa nasoma tafsiri tena. Nilikuwa nasoma ukosi wa shati langu. Siku moja nilikuta nukta katikati ya sentensi. Nikabonyeza kufuta, haikutoka. Nikabonyeza tena, herufi za jirani zikaondoka moja baada ya nyingine, nukta imekaa palepale. Kumbe ilikuwa chembe ya vumbi juu ya kioo, imepigwa na jua.

Lugha yetu ilishasema zamani. Cha dirishani ni kioo, cha kujitazamia ni kioo, na simu ikianguka tunasema kioo kimepasuka. Skrini inayong'aa ni vyote vitatu kwa pamoja.

Mwanga ukikipiga kioo cha kawaida moja kwa moja, asilimia 4 hivi hurudi kutoka kwenye uso wake. Utasema ni kidogo. Basi tupige hesabu. Ung'avu wa skrini hupimwa kwa niti, na laptopu nyingi hutoa niti 250 hadi 400 hivi. Mwanga unaoangukia kitu hupimwa kwa luksi. Ndani ya ofisi yenye mwanga wa luksi 500, shati jeupe lina ung'avu wa niti 125 au zaidi kidogo. Asilimia 4 ya hizo ni niti 5. Juu ya ukurasa mweupe hulioni kabisa. Sasa toka nje, jua la mchana likupige kifuani, luksi 100,000. Shati lilelile linafika niti 25,000, na asilimia 4 yake ni 1,000. Shati limeizidi skrini mara mbili na nusu hadi nne. Hapo ukipandisha mwangaza hadi mwisho, utakachopata ni betri kuisha mapema.

Wengi hudhani skrini isiyong'aa huzuia mwanga usirudi. Haizuii. Uso wake una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja huurusha mwanga upande wake. Unaorudi ni karibu uleule, ila umetawanyika. Fikiria dimbwi lililotulia, unaliona hadi tawi la mti juu yako. Upepo ukipita, mti unapotea, unabaki weupe tu. Ndivyo dirisha langu, lenye fremu na pazia, linavyogeuka ukungu mwepesi uliotandaa kwenye skrini nzima.

Ukungu huo una gharama yake, na hapo wapenzi wa skrini za kung'aa wana haki. Chumba kikiwa na mwanga, nyeusi yao inabaki nyeusi ilhali yangu inaelekea kijivu. Vinundu hivyo pia vinaugusa mwanga unaotoka ndani ya skrini kuja kwako, na kwenye skrini duni ukurasa mweupe huonekana kama umenyunyiziwa sukari. Mtu anayesahihisha rangi za picha kwenye chumba alichokitia giza makusudi asinisikilize hata kidogo.

Lakini kwa anayesoma, ukungu ni mwepesi kuvumilia kuliko picha. Taswira ya dirisha haikai juu ya skrini, iko nyuma yake. Kama dirisha liko mita 3 kutoka kwenye skrini, taswira yake inaonekana mita 3 upande wa pili wa kioo, wakati herufi ziko sentimita 60 tu kutoka usoni pako. Jicho linaitwa na wawili, wa karibu na wa mbali, na kila kitu kikitikisika kule mbali linakwenda kutazama. Ukungu hauna cha kutazamwa. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma kila alasiri. Siwezi kuapa kwamba sababu ilikuwa skrini, ila najua kiliacha lini.

Kuna njia ya tatu ambayo swali lenu limeiruka: utando wa kupunguza mwanga unaorudi, kama ule wa kwenye miwani. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss aliubuni kwa ajili ya lenzi mwaka 1935. Kioo hupakwa utando mwembamba mno, takriban nanomita 100, yaani robo ya urefu wa wimbi la mwanga likiwa ndani ya utando wenyewe. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, mawimbi yanapishana, yanafutana. Huu ndio unaopunguza kweli, bila kutawanya. Utautambua skrini ikiwa imezimwa: taa ya darini inaonekana hafifu, yenye rangi ya zambarau au kijani. Anayetaka skrini ya kugusa auulizie, kwa sababu nyingi za aina hiyo ni za kioo kinachong'aa. Na njia hizi hazigombani. Apple, walioivika MacBook Pro kioo cha kung'aa mwaka 2008, tangu 2024 wanauza pia yenye kioo kilichotiwa vinundu vidogo sana, kwa nyongeza ya bei.

Kabla ya kununua nyingine nilijaribu plastiki ya kubandika. Mapovu matatu, na herufi kama zimeandikwa mchangani. Niliibandua wiki hiyohiyo.

Kwa aliyekwama na skrini ya kung'aa: mwenye macho haambiwi tazama, lakini anaweza kuambiwa ageuze meza. Dirisha likae ubavuni, si mgongoni. Vaa shati la rangi nzito, sifanyi mzaha. Na achana na ule mtindo wa kugeuza kila ukurasa kuwa mweusi wakati wa mchana. Skrini nyeusi inayong'aa ni kioo cha kinyozi. Weupe wa ukurasa ndio unaofunika taswira.

Nilipokwenda kununua hii ninayoandikia, nilivaa shati jeupe makusudi. Nikamwomba muuzaji azime laptopu mbili nilizokuwa nazitazama. Akashangaa, maana wateja wote huomba ziwashwe, na akanionya kwamba ile isiyong'aa "inaonekana kuukuu". Nikasimama mbele ya mlango wa duka, mwanga ukinijia kifuani. Kwenye ya kwanza nilihesabu vifungo vyangu vyote, na cha tatu kutoka juu kilikuwa hakijafungwa. Kwenye ya pili kulikuwa na wingu tu. Nikafunga kifungo, nikalipia ya pili. Ushauri wangu wa kugeuza meza mimi mwenyewe sijautekeleza, chumba ni kidogo na kitanda hakina pa kwenda. Dirisha bado liko mgongoni kwangu, na sasa hivi ni saa nane na nusu.