Aplikesheni moja inasema inchi 8, nyingine inchi 1: theluji ya Seattle nimwamini nani?

SWALI: Shikamoo kaka. Nakaa Kent, East Hill, nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee huko Renton. Aplikesheni moja ya simu inasema Ijumaa usiku theluji inchi 8, nyingine inchi 1, na bosi anataka nimwambie leo kama nitalala kazini. Mwaka jana walitutisha hivihivi ikaja mvua tupu. Nyie watabiri mnaangalia nini, na mimi mwenyewe naweza kuangalia nini?

JIBU: Marahaba dada, pole na usiku. La bosi kwanza: leo Jumanne mwambie bado, Alhamisi jioni utampa jibu, maana hata sisi tunaoshinda kwenye hizi chati leo hatuna jibu la inchi, na anayekupa inchi 8 siku tatu kabla amekurushia tu kilichotemwa na modeli moja (programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa) bila binadamu kukipitia. Ile nyingine inasoma modeli nyingine, basi, hakuna siri hapo. Halafu nyingi zinachukua maji yatakayoshuka zinazidisha kwa 10, inchi 1 ya maji inageuka inchi 10 za theluji, wakati theluji yetu ikidondoka kwenye nyuzi 33 au 34 za Farenhaiti, juu kidogo tu ya kuganda, inakuwa nzito, imejaa maji, na nyingine inayeyukia hapohapo kwenye lami, kwa hiyo ukiona hata nusu ya ile namba ushukuru (au ulie, inategemea shifti yako).

Kwa nini huku ni shida kuliko Chicago au Minneapolis? Kule baridi iko tayari, wanasubiri unyevu tu. Sisi unyevu tunao tangu Novemba, kinachokosekana ni baridi, kwa sababu upepo wetu wa kawaida unatoka Pasifiki, na maji ya Puget Sound hata Januari yako nyuzi 8 au 9 za Selsiasi, na hewa baridi ya bara inazuiwa na milima ya Cascade upande wa mashariki. Huku baridi na unyevu hawapikiki chungu kimoja. Baridi ikija inakuja kavu, anga la bluu na jua, mvua ikija inakuja na joto lake. Theluji ni zile saa chache wanapokutana. Ndo maana Sea-Tac, uwanja wa ndege wa Seattle, kwa wastani inapata inchi 6 hivi mwaka mzima, halafu Februari 2019 peke yake ikapata inchi 20.2, na tarehe 13 Januari 1950 zilishuka inchi 20 siku moja. Wastani wa namna hiyo wa nini.

Sasa mlango mkubwa wa baridi ni bonde la mto Fraser, British Columbia. Hewa nzito ya bara inajazana kule ndani ya Kanada, inapenya kwenye lile bonde, inatokea Bellingham, mji ulio karibu na mpaka wa Kanada, kama upepo wa kaskazini mashariki, halafu inateremka huku kwetu, na mara nyingine inaishia Everett, kaskazini ya Seattle, na sisi tunabaki na mvua. Kwa hiyo Alhamisi acha kuangalia Kent, fungua hali ya hewa ya Bellingham. Upepo ukiwa wa kaskazini mashariki na unapiga kweli, na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake unageuka maji, likiwa chini hewa ni kavu) kikaanza kuporomoka hadi chini ya nyuzi 25 za Farenhaiti, mlango umefunguka. Upepo ukibaki wa kusini, lala usingizi, hiyo ni mvua.

La pili ni ule mgandamizo mdogo wa hewa unaotoka baharini, yaani kitovu cha dhoruba, unapita wapi. Ukiingilia Vancouver Island, kisiwa cha Kanada kaskazini yetu, sisi tunabaki upande wa upepo wa kusini, wa joto, mvua. Ukienda kusini sana, California huko, tunabaki na baridi kavu na hakuna kitu kinachodondoka. Tunaoutaka ni ule unaotua karibu na mdomo wa mto Columbia, mpakani na Oregon, unavuta baridi ya Fraser kuja kusini huku unatumwagia maji juu yake. Ukisogea kilomita 100 tu kaskazini au kusini stori inabadilika, na ndio hizo inchi 8 na inchi 1 zako: modeli mbili hazijakubaliana unatua wapi.

Kitu kingine kinachowachanganya watu, usidanganywe na joto la mchana. Kukiwa na nyuzi 38 za Farenhaiti lakini hewa kavu, umande uko 25, mvua ikianza inavukiza kwenye ile hewa na kuipoza, ndani ya saa moja mbili unajikuta kwenye 33 na theluji inadondoka. Lakini 38 na umande 36 ni mvua, hata manyunyu yazidi vipi.

Na urefu wa mahali. East Hill iko zaidi ya mita 100 juu ya bonde la Kent, hiyo ni kama nyuzi moja ya Farenhaiti, na siku za hivi nyuzi moja ndo kila kitu. Unaweza kuamka kwako kweupe, rafiki yako wa bondeni anakucheka ana mvua.

Alhamisi jioni soma pia yale maelezo ya maneno ya ofisi ya taifa ya hali ya hewa ya Seattle, yanaandikwa na mtu, na mtu akiwa na wasiwasi anaandika kwamba ana wasiwasi. Bellingham ikishapoa na wao wameshatoa onyo, mwambie bosi unalala, nenda Ijumaa kabla ya giza na nguo za siku mbili, maana Jumamosi asubuhi hata kama imeshuka inchi 2 tu, ile iliyoyeyuka kwenye lami inaganda usiku inakuwa barafu usiyoiona, na mteremko wa James Street na barafu sikushauri kabisa, hata kama gari lako linavuta tairi zote nne, maana hizo nne zinasaidia kuondoka, kusimama ni habari nyingine.

Bellingham isipopoa, nenda kazini kama kawaida na mwavuli.