Maswali yenu kuhusu picha za familia

Swali: Nimerithi picha ya babu na bibi waliyopigwa studio, haina tarehe. Babu amevaa suti na saa ya mkononi. Je, mavazi yanaweza kunijulisha mwaka?

Jibu: Usianze na mavazi. Studio nyingi ziliwaazima wateja nguo na vitu vya kushika. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliweka suti, saa na redio kwa kazi hiyo. Saa ya babu basi inaonyesha alivyopenda aonekane, na hiyo ni historia yenye thamani, ila haithibitishi mwaka wala mali.

Tazama pazia la nyuma. Keïta alibadili lake kila baada ya miaka michache, na baadaye mapazia hayo yakasaidia kukadiria miaka ya picha zake. Tafuta picha za studio ileile zenye tarehe, ulinganishe maua ya kitambaa. Ndiyo maana tunasisitiza: usikate kingo ili ubaki na nyuso tu.

Kisha igeuze uone mhuri wa studio na chapa ya karatasi. Gizani, imulike kwa taa ya kukagulia noti. Karatasi iking'aa buluu, haielekei kuwa ya kabla ya miaka ya 1950. Isipong'aa hujapata jibu, kwani si karatasi zote zilitiwa kemikali ya kung'arisha inayoleta mng'ao huo.

Swali: Picha imegandamana na kioo cha fremu. Niiloweke?

Jibu: Hapana, wala usiivute. Unyevu umelainisha jelatini inayobeba sura, ikashika kioo. Ukivuta, nyuso zitabaki kwenye kioo. Iskani pamoja na kioo chake kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Fremu mpya iwe na paspatu, yaani kadi nene yenye dirisha inayozunguka picha, ili picha isiguse kioo.

Swali: Tukipiga picha ya ukoo, mstari wa nyuma hutoka na ukungu.

Jibu: Tundu la lenzi limefunguliwa mno. Lipunguze hadi f/8, shata sekunde 1/125, sogeza mistari ikaribiane, nawe urudi nyuma hatua mbili. Kwa mistari mitatu, fokasi macho ya walio mstari wa kati. Ukishachapisha, andika majina mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, kwa penseli ya 2B. Kalamu ya wino huacha alama upande wa sura. Karatasi ya plastiki ikikataa penseli, andika kwenye bahasha kabla hujaitia picha ndani.