Maswali ya Wasomaji: Kuirudisha Ijumaa Kuu ya Bremen

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika wa Kilutheri. Tunajiandaa kuimba Requiem ya Kijerumani, yaani kazi ya kwaya na okestra ya kuwakumbuka wafu, ya mtunzi Johannes Brahms, siku ya Ijumaa Kuu, na tungependa iwe kama ilivyosikika mara ya kwanza mjini Bremen, Ujerumani. Nimesoma kwamba siku ile ziliimbwa pia nyimbo za Handel na Bach. Je, tuziweke na hizo, au tuimbe sehemu saba za Brahms peke yake?

JIBU: Mwalimu, ikiwa mnataka kuirudisha siku ile, basi hamtaimba sehemu saba. Tarehe 10 Aprili 1868, Brahms alipoiongoza kazi yake katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, ilikuwa na sehemu sita tu. Sehemu ambayo leo ni ya tano, ile ya soprano yenye ahadi ya nabii Isaya kwamba Mungu atawafariji watu kama mama amfarijivyo mwanawe, ilitungwa baada ya hapo, na kazi kamili iliimbwa kwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 18 Februari 1869. Najua kuiacha kutawauma waimbaji wenu, kwa kuwa wengi huipenda kuliko zote. Hata hivyo iacheni, muiimbe siku nyingine.

Nyimbo za Handel na Bach, kwa upande mwingine, ziwekeni bila kusita, kwa sababu hazikuwa pambo. Karl Reinthaler, mpiga kinanda wa kanisa hilo, ambaye ndiye aliyeifundisha kwaya, alikuwa amemwandikia Brahms kwamba maneno aliyoyachagua kutoka Biblia ya Luther yamepungukiwa na kiini cha imani, yaani kifo cha Kristo kinachookoa, na ni kweli kwamba jina la Kristo halitajwi popote katika kazi hiyo. Brahms hakukubali kubadili lolote: alijibu kwamba angependa hata neno “Kijerumani” liondolewe na mahali pake liwekwe neno la binadamu wote, na kwamba aya kama Yohana 3:16 aliziacha kwa kujua. Pengo ambalo mtunzi alikataa kuliziba likazibwa na programu. Mwimbaji Amalie Joachim aliimba kutoka Messiah, oratorio ya Handel (utungo mrefu wa kwaya na waimbaji pekee juu ya habari za Biblia), ungamo la Ayubu, “najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai”, na pia “Erbarme dich” ya Bach, ombi la rehema, huku mumewe Joseph akimsindikiza kwa fidla. Kwaya nayo iliimba korasi za Handel, ikiwamo “Haleluya”. Joseph alipiga pia vipande vya Bach, Tartini na Schumann.

Kwa maoni yangu, mkiziondoa nyimbo hizo ili Brahms asikike peke yake, mtakuwa mmefuta mabishano yenyewe, na msikilizaji hatajua kwamba katika jengo lile mashaka ya mwanakanisa na ukaidi wa mtunzi vilisikika kwa zamu, jioni moja. Elezeni jambo hili katika karatasi ya programu, na mchapishe maneno yote kwa Kiswahili. Biblia yetu inawasaidia kuliko mnavyodhani: sehemu ya kwanza huanza na “Heri wenye huzuni” na ya mwisho na “Heri wafu wafao katika Bwana”, neno lile lile la kwanza, kama alivyokusudia Brahms katika Kijerumani chake.

Kuhusu mazoezi, “Haleluya” bila shaka kwaya yenu inaijua tayari, kwa hiyo muda wenu upeni sehemu ya tatu. Mwishoni mwake kwaya huimba kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu, sauti zikifuatana na kupishana juu ya noti moja ya chini isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho wa fuga. Sehemu tatu za kwanza zilipojaribiwa Vienna tarehe 1 Desemba 1867, mpiga timpani (ngoma kubwa za okestra) aliipiga noti hiyo kwa nguvu kiasi cha kuwafunika waimbaji, na baadhi ya wasikilizaji wakazomea. Mketisheni mpigaji wenu nyuma kabisa, na mwambieni tangu zoezi la kwanza kwamba anapaswa kuwasikia waimbaji wa besi wakati wote anapopiga.