Si kila utitiri ni adui wa mchungwa

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina michungwa Muheza. Tangu jua kali lianze, majani yamejaa vidoa vyeupe, na chini yake kuna vidudu vyekundu vyenye utando. Nimepiga sipamethrini, dawa ya kuua wadudu, mara tatu lakini vimezidi. Duka la pembejeo wananiambia nichanganye dawa mbili na sabuni ya unga. Nasikia vidudu hivi ni utitiri, jamii ya buibui, na kwamba kuna utitiri wanaokula utitiri wenzao. Nitawanunua wapi?

JIBU: Marahaba. Usiwanunue kwanza. Kuna uwezekano mkubwa ulikuwa nao shambani kabla hujapiga bomba la kwanza.

Sipamethrini na nduguze wote wenye jina linaloishia "-thrini" huwaua utitiri wawindaji kirahisi kuliko hao wekundu. Mlaji akifa, mliwaji anabaki huru, na kwenye joto yai lake huwa utitiri mzima kwa takriban wiki moja. Kila bomba uliloongeza liliwafungulia njia.

Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Wanaojikokota ni waharibifu. Wanaokimbia mbio, wenye mng'ao, ndio wawindaji. Ukiwaona hata wachache, acha hizo dawa. Osha chini ya majani kwa maji ya nguvu, hasa miti ya kando ya barabara, maana vumbi linawanufaisha wekundu. Palizi isiache ardhi tupu: baadhi ya wawindaji huishi kwa chavua ya maua ya majani hayo mawindo yakipungua.

Linalonikera ni hiyo imani kwamba kila kinachotembea kwenye jani lazima kife, na dawa ikishindwa tiba ni kuongeza ukali. Wanaoshauri michanganyiko hawajawahi kugeuza jani. Sabuni ya unga inaunguza majani, na dawa mbili mara nyingi ni kiambato kilekile chenye majina mawili. Tazameni mihogo: utitiri wa kijani aliingia Afrika kupitia Uganda mwaka 1971, na aliyemdhibiti ni utitiri mwindaji kutoka Brazili, aliyeachiwa Benin mwaka 1993. Mchana hujificha kwenye chipukizi cha kileleni, usiku hushuka kuwinda. Wakulima wengi waliofaidika naye hawajui hata kama yupo.

Basi, muuzaji yeyote akikupa chupa, muulize kiambato chake, namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Machungwa hayo yataliwa na watoto wa watu. Akibabaika, au chupa ikiwa haina lebo, rudisha pesa yako mfukoni.