Kabla hujamwajiri, mpe kazi ya saa moja

Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, sisi wenye viwanda vidogo vya kubangua hapa Mtwara hatukosi mjomba mlangoni. Kwa mila za Wamakonde, Wamakua na Wayao mjomba ana sauti kubwa juu ya mpwa wake, na akija kumwombea kazi si rahisi kumkatalia usoni. Mimi humjibu: "Shikamoo mjomba. Mwambie aje kesho saa mbili, afanye jaribio na wenzake." Akifeli, amejiona mwenyewe, na mimi na mjomba tunaendelea kusalimiana.

Usaili wa maswali unapima ulimi tu. Mtu akisema yeye ni mwaminifu na mchapakazi, unaandika nini?

Kwa wanaochambua madaraja, nachukua kilo moja ya korosho zilizokwisha kubanguliwa na kupangwa, nazichanganya mwenyewe: nzima nyeupe, zilizoungua kidogo, zenye madoa, na vipande. Kila fungu nimelipima kabla ya kuchanganya, kwa hiyo jibu ninalo. Namwekea sampuli ya kila fungu mbele yake, basi aanze. Simsumbui na W240 na W320 (hiyo namba ni idadi ya punje katika ratili moja, ikiwa ndogo punje ni kubwa). Hayo atajifunza akiwa kazini. Kasi nayo huja yenyewe. Natazama kama amenawa mikono bila kuambiwa, na kama punje anayoitilia shaka anaiweka pembeni aulize, au anaisukumia kwenye nyeupe ili amalize. Wapo wanaoonja pia. Punje moja nasamehe.

Kubangua kwenyewe siwajaribu wageni. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na asiyefundishwa ataondoka na vidonda badala ya ajira.

Karani ndiye wa kumwangalia sana, maana makosa yake huyaoni mpaka pesa imeshatoka. Nampa stakabadhi za kuigiza za mapokezi ya korosho ghafi, na moja nimeiharibu makusudi: gunia na mzigo wake kilo 81.4, gunia tupu kilo 1, halafu uzito halisi umeandikwa 84. Namwambia aniandalie jumla ya siku. Wengine wanajumlisha kama ilivyo. Wengine wanasahihisha kimyakimya, na hao ndio wananitia wasiwasi, kwa sababu leo kasahihisha sawa, kesho "atasahihisha" kitu ambacho hakikuwa kosa na sitajua. Ninayemtafuta ni yule anayeinuka na karatasi: "Bosi, hii haikubali, nani aliipima?" Hata kama mwandiko wake ni wa kuku, huyo nampokea.

Ukitaka kuanza, jaribio lako lifanywe kwanza na mfanyakazi uliye naye. Likimchukua nusu saa, mpe mgeni saa nzima. Likimshinda hata yeye, limekosewa jaribio. Wote wapewe kazi ile ile na muda ule ule, mpwa wa mtu na asiye na mtu, na alama ziandikwe kabla hujapiga nao soga.

Halafu kuna hili la kuwachosha watu bure. Kumweka mwombaji kutwa nzima akichambua mzigo utakaouuza, kisha ukamwambia "tutakupigia", huo ni wizi. Kama kazi yake inaingia sokoni, mlipe kibarua chake. Mimi nauli ya bodaboda natoa kwa wote, wa Mikindani na wa Chikongola.

Na jaribio lisiwe kichaka cha ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa pekee. Dada mwenye ujauzito akichambua vizuri, amechambua vizuri. Aliyekosa mwambie siku hiyo hiyo, umwonyeshe na fungu alilokosea. Wengine hurudi msimu unaofuata wakiwa wameiva.